Anayetangulia Njiani: Kupanda Kilima kwa Kuongozwa huko Ihumwa

Kijana aliyezaliwa na kukulia Tanga mjini hudhani, tena si bila sababu, kwamba anajua maana ya kupandishwa mlima. Safu ya Usambara Mashariki iko karibu na mji wake, na mwanafunzi wa uzamili ambaye habari zake ndizo kiini cha insha hii alikwisha kwenda Amani mara mbili kabla hajajua kwamba kuna taaluma iitwayo isimu. Mara zote mbili kundi lake liliongozwa na mtu mchangamfu, aliyezijua njia vizuri na mwenye sauti ya kusikika hadi nyuma. Njia zilikuwa zimepimwa. Miti mingine ilikuwa na vibao vyenye majina ya Kilatini. Hilo si ajabu, maana Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo na mimea pale Amani mwaka 1902, na tangu hapo pamekuwa mahali pa kutoa majina na kuyaandika. Mgeni wa Usambara huonyeshwa pia lile ua dogo la zambarau ambalo mbegu zake zilipelekwa Ulaya mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, na ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina lake katika vitabu vya mimea. Kwa hiyo kijana yule alijifunza mapema kwamba kazi ya anayeongoza ni kumsomea mgeni yale yaliyokwisha kuandikwa. Hakuna aliyemfundisha hivyo kwa maneno. Aliona tu.

Julai 2023 alifika Ihumwa, mashariki ya Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro. Hapo palikuwa na mambo mawili yaliyomvuta. La kwanza lilikuwa la haraka. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuyahamishia Dodoma makao makuu ya nchi ulikaa miaka mingi kama ahadi inayotimizwa nusu nusu, lakini kuanzia mwaka 2016 ulitekelezwa kwa kasi ambayo wenyeji hawakuitazamia. Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, jirani kabisa na Ihumwa. Mashamba ya uwele na mizabibu yakapimwa viwanja. Reli ya kisasa, ambayo ilianza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, wakati huo ilikuwa imekwisha kutandazwa lakini haijaanza kazi. Mahali panapopimwa viwanja hupata namba, na namba ikikaa sana hulifukuza jina. Mwanafunzi alitaka kuyakusanya majina ya mahali kabla hayajaondoka.

Jambo la pili lilikuwa la moyoni. Ihumwa ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917, katika kitongoji cha Muntundya. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania na kusimama mbele ya wageni akiimba ngonjera amekula matunda ya mtu huyu, hata kama hakuambiwa jina lake. Mtoto wa wafugaji wa Kigogo, asiye na bahari wala ndugu pwani, aliingia katika uwanja wa ushairi ambao watu wa pwani waliuhesabu kuwa urithi wao, akauimudu hata akawa miongoni mwa viongozi wa UKUTA. Kijana wa Tanga alilelewa akisikia kwamba Kiswahili kilipanda kutoka pwani kwenda bara. Alitaka kuona mahali ambapo kimoja katika vilele vyake kiliota chenyewe.

Yafaa hapa kusema neno moja juu ya jina la lugha ya wenyeji. Wenyewe huiita Cigogo. Kiswahili huiita Kigogo, na hivyo huichanganya na kigogo cha mti na kigogo wa serikalini. Tangu ofisi zihamie Mtumba utani huu umepata nguvu mpya, na mwanafunzi aliyejitambulisha kuwa anatafiti Kigogo aliulizwa na kijana mmoja wa bodaboda kama anamtafiti kigogo yupi.

Alipelekwa kwa mzee mmoja aliyesemwa kuwa ndiye anayekijua kilima cha mawe kilicho nyuma ya makazi yao. Aliandamana na mwanafunzi mwenzake, binti wa Kigogo aliyekulia Dodoma mjini, ambaye alikuwa amemfundisha kusalimia "Mbukwenyi" na ambaye angemtafsiria pale Kiswahili cha mzee kitakapogeuka kwao. Mzee aliwapokea vizuri. Walikaa kivulini, wakapewa maji, na hojaji ikatolewa mkobani. Ilikuwa hojaji nzuri. Ilikuwa na safuwima za jina, ngeli, maana, asili na matumizi, na msimamizi wake alikuwa ameisifu.

Majina yaliyopatikana asubuhi ile yalikuwa manne. Baada ya hapo mzee alinyamaza. Mwanafunzi akauliza kwa njia nyingine: je, lile jiwe kubwa linaloonekana pale? Na lile bonde dogo lenye mbuyu? Mzee alitazama kilima kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ambayo hana ruhusa ya kuisemea. Mwishowe akasema, "Hayo mengine yako kule kule, mjukuu wangu. Hapa hayapo." Akawaambia waje kesho kabla ya jua.

Wengi miongoni mwa wanaokusanya data za majina wamewahi kukutana na ukimya wa namna hii, na aghalabu huuandika kama upungufu wa msailiwa: amesahau, amechoka, anaficha. Mara chache sana huandikwa kama upungufu wa hojaji. Hojaji hudhani kwamba majina yamekaa kichwani mwa mtu kama yalivyokaa katika kamusi, kila moja peke yake, likisubiri kuitwa. Siku iliyofuata ilionyesha vingine.

Waliondoka mapema. Julai katika nyanda za kati ni baridi alfajiri kiasi cha kumshangaza mtu wa pwani, na upepo wa vumbi huanza jua likishapanda. Mzee alichukua fimbo na panga. Mwanafunzi alivaa viatu vya kupandia mlima, akabeba kinasasauti, kamera na chupa mbili za maji. Mwanzo wa njia ulikuwa mpana, njia ya ng'ombe, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye miguu mirefu na shauku, haikuchukua dakika kumi kabla hajampita mzee. Alitembea mbele kwa muda akipiga picha. Alipogeuka, aliona kwamba mzee ameketi juu ya jiwe, na yule binti amesimama kando yake akitazama chini.

Alirudi kuuliza kama mzee amechoka. Mzee hakuwa na hasira. "Sijachoka. Wewe nenda tu, mimi nitakufuata. Ukifika mahali, utaniambia panaitwaje."

Binti alicheka kidogo, kisha akaona haya. Mwanafunzi aliomba radhi, akaenda nyuma, na kuanzia hapo hadi kileleni hakumpita tena.

Tukio hili dogo lina historia ndefu nyuma yake. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji katika karne ya 19 ilipita katika nchi hii. Baada ya Mpwapwa wasafiri waliingia katika nyika kavu waliyoiita Marenga Makali, yaani maji makali, na walipoivuka walijikuta Ugogo, ambako watemi walidai hongo kabla ya kuruhusu njia na maji. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na Waswahili wenyewe walikuwa wamepita kabla yao na wakaendelea kupita baada yao. Simulizi zao chache zilichapishwa na Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, na zingestahili kusomwa zaidi kuliko zinavyosomwa. Mtu aliyekwenda mbele ya msafara aliitwa kirangozi. Alibeba bendera, alijipamba kwa ngozi na manyoya, na njia za upotevu alizifunga kwa matawi ili walio nyuma wasikosee. Burton anaeleza kwamba mtu hakuruhusiwa kumtangulia, na aliyethubutu alitozwa faini. Si kwamba kirangozi alikuwa mkuu wa msafara. Mwenye mali alikuwa mwingine, na mkuu wa wapagazi, mnyampara, alikuwa mwingine. Kirangozi alikuwa na jambo moja tu, nalo ni kwamba aliijua njia, na jambo hilo moja lilitosha kumpa haki ya kuwa wa kwanza.

Neno lile halikufa. Limepanda cheo. Kitenzi ongoza, ambacho kwa asili ni kufanya kitu kiende sawasawa, kimetupatia kiongozi, uongozi, na mwaka 1971 Mwongozo wa TANU. Mtu akisema leo kwamba kiongozi anakuja Ihumwa, hakuna anayetazamia kumwona mtu mwenye fimbo na vumbi miguuni. Hutazamia magari. Mnyampara naye alikwenda upande mwingine: akashuka akawa mnyapara, msimamizi wa vibarua na wafungwa, neno lisilo na heshima nyingi. (Jina la ukoo wa mshairi wa Muntundya linafanana mno na neno hili la misafara, na mfanano huo ungefaa kuchunguzwa na mtu mwenye subira.) Hongo, iliyokuwa ushuru wa wazi, uliojadiliwa hadharani na kulipwa kwa nguo na shanga, leo hutolewa chini ya meza. Msamiati mzima wa barabara ile ya misafara umehamia ofisini, na njiani amebaki mtu asiye na jina. Sekta ya utalii humwita mwongoza watalii, ambayo ni maelezo kuliko jina, nayo inamdai awe na watalii ndipo awe yeye. Wengine hutumia neno la Kiingereza, na Kiswahili kikilitia irabu yake ya mwisho hupata gaidi, neno ambalo tayari lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo si wa kukabidhiwa msafara.

Basi kilima kilianza kusema. Kila hatua chache mzee alisimama, akaweka fimbo chini, akataja jina. Hakutaja kwa kuulizwa. Jina lilikuja mahali lilipofikiwa, na halikuja dakika moja kabla. Kulikuwa na jiwe lenye vishimo laini ambamo wanawake wa zamani walisaga nafaka. Kulikuwa na mbuyu mkubwa wenye vigingi vya mti vilivyopigiliwa shinani, ngazi ya warina asali. Kulikuwa na ufa ambamo pimbi huingia wakimwona kipanga, na mzee alisimama pale hadi pimbi mmoja alipotoka kuwatazama. Kufikia katikati ya kilima kinasasauti kilikuwa na majina kumi na saba, kutoka kwa mtu ambaye jana yake, kivulini, alikuwa na manne.

Mengi kati ya majina hayo hayakuwa nomino kwa maana ya kawaida. Yalikuwa vishazi. Mahali fulani paliitwa kwa maneno yaliyomaanisha kwamba hapo ng'ombe hugoma kupita. Pengine kwamba hapo mtu fulani alimkana nduguye. Jambo hili lisiwashangaze wanaojua masimulizi ya jina la Dodoma lenyewe, ambalo wenyeji hulieleza kwa kitenzi idodomya, imedidimia, kwa kisa cha tembo aliyezama matopeni. Jina la mahali katika nchi hii mara nyingi ni habari iliyofupishwa. Mwanafunzi, aliyekuwa na safuwima ya ngeli ya nomino kwa kila jina, aliacha kuijaza baada ya jina la sita.

Tatizo jingine lilikuwa la sauti. Kigogo kina nazali zinazotoka pamoja na pumzi, ambazo katika majina ya Dodoma huandikwa kwa kuongeza h, kama katika Ng'hong'honha, mtaa ambao vibao vingi vya barabarani vimeunyang'anya h zake zote. Sikio la Tanga halizisikii kwa urahisi. Mara tatu binti alimzuia, akamtajia upya, naye akaandika tena. Mara ya nne ni mzee aliyemzuia, akasema kwa upole kwamba jina alilolitaja mjukuu wake ni tusi.

Karibu na mwinuko wa mwisho walifika mahali pa tambarare penye mashimo ya kale yaliyofukiwa nusu. Mzee alikaa. Jina la pale, alisema, alipewa na baba yake, na baba yake alikuwa mtoto lilipotolewa. Ni mahali watu walipochimba mizizi wakati wa Mtunya. Wanahistoria wanaijua njaa hiyo ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita, na mvua nayo ikakosekana. Ugogo ikapoteza maelfu ya watu. Mnyampala alizaliwa mwaka ule ule njaa ilipoanza, chini ya anga ile ile. Mwanafunzi aliyajua hayo kutoka maktaba. Hakuwa amejua kwamba njaa ile ina mahali, tena mahali padogo ambapo watu watatu wakikaa panajaa.

Hapo ndipo mzee alipouliza kama ni kweli kwamba mtu wa Muntundya anasomwa hadi pwani. Alijibiwa kuwa anasomwa. Kwa hakika jibu hilo lilikuwa la adabu zaidi kuliko la kweli. Ngonjera zinaimbwa, na Diwani ya mwaka 1963 hutajwa katika orodha. Lakini kitabu chake cha mwaka 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo, ambacho Gregory Maddox alikifasiri kwa Kiingereza mwaka 1995, idara za Kiswahili zimewaachia wanahistoria, kana kwamba mshairi huyu alipoandika nathari juu ya watu wake aliacha kuwa mwandishi wa Kiswahili. Katika kitabu kile alifanya hasa kazi ya kirangozi: aliwatangulia wasomaji wageni katika nchi yake, kwa lugha ambayo wageni hao waliielewa.

Chini ya kilele walikuta kigingi cha saruji, kifupi, chenye herufi na tarakimu. Wapimaji walikuwa wamefika hadi pale. Mzee aligonga juu yake kwa fimbo kama alivyogonga mahali pengine pote, akamgeukia mwanafunzi. "Hapa pengine wewe ndiye unayejua. Panaitwaje?" Mwanafunzi alisoma. Mzee akarudia herufi na tarakimu zile polepole, kwa uangalifu ule ule ambao binti alikuwa akimfundishia mwenzake nazali, kisha wakaendelea.

Kutoka juu waliona nchi yote ilivyolala: barabara kuu, reli mbili, paa mpya za Mtumba zikimetameta, na mizabibu kama madoa ya kijani katika udongo mwekundu. Ya kale kati ya reli hizo ni ile iliyofika Dodoma mwaka 1910. Mmoja wa wahandisi walioshiriki kuijenga reli ya kati alikuwa Clement Gillman, mtu mwenye kupenda milima, ambaye jina lake liko leo ukingoni mwa Kibo, Kilimanjaro, likiwa limepungukiwa l moja: Gilman's Point. Kwenye ukingo ule ule kuna Stella Point. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa ndiye aliyemwongoza Hans Meyer mwaka 1889, anakumbukwa katika kibao kilichoko chini, langoni. Mgawanyo huu wa majina, ya wapandaji juu na ya viongozi chini, hauhitaji mwanaisimu kuueleza.

Ufa wa mwisho wa miamba, hatua kama thelathini kabla ya kilele, mzee aliupita peke yake. Aliwaambia wangoje. Aliporudi aliomba kinasasauti kizimwe, kikazimwa. Alitaja majina matatu, akaeleza kwamba pale wazee waliomba mvua, na kwamba majina hayo ni ya masikio, si ya karatasi. Peter Rigby, aliyechapisha utafiti wake kuhusu Wagogo mwaka 1969, alieleza kwa urefu jinsi mtemi alivyokuwa mwenye mawe ya mvua na mwenye dhamana ya nchi; kwa hiyo ombi hilo halikuwa la ajabu. Lililomshtua mwanafunzi ni neno lililofuata. Kuhusu majina yaliyobaki mzee alisema, "Hayo andika. Lakini usiyatenganishe. Yakae kama tulivyokuja."

Ukweli wa maneno hayo ulionekana wakati wa kushuka. Mwanafunzi, akitaka kuhakikisha alichorekodi, aliuliza tena majina kwa mpangilio wa kurudi. Mzee alishindwa. Alisimama, akafikiri, akataja moja na kulikana. Ndipo akageuka, akakipa kisogo kijiji na kuelekeza uso juu kilimani, na mara jina likaja. Hivyo ndivyo walivyoshuka. Kila kituo mzee aligeuka kama mtu anayepanda, akataja, kisha akageuka tena kushuka. Jua lilikuwa kali na magoti yake yalikuwa ya mtu mwenye miaka zaidi ya sabini, lakini hakuruka hata mahali pamoja.

Nyumbani walikula ugali wa uwele na mlenda. Mwanafunzi alitoa bahasha iliyoandaliwa kwa mujibu wa utaratibu wa utafiti. Mzee akauliza ni ya nini. Neno posho lilitajwa, naye akacheka hadi akafuta macho. Akasema babu zake walipokea hongo kwa kila msafara uliotoka kwao Tanga na Bagamoyo, wala hawakuona aibu, maana walikuwa na maji. Akaipokea.

Tasnifu iliandikwa. Majina ishirini na nane yaliwekwa katika kiambatisho kwa mpangilio wa njia, kila moja na umbali wake kutoka lililotangulia, na baada ya hayo namba 29, 30 na 31 zikafuatwa na nafasi tupu. Mtahini mmoja aliagiza mambo mawili: majina yapangwe kialfabeti, kama ilivyo desturi ya orodha, na nafasi tupu zijazwe au namba zake ziondolewe, kwa kuwa data isiyoonekana haihakikiki. Isiharakishwe kudhani kwamba mtahini huyo alikuwa mtu wa vivi hivi. Sayansi haiwezi kuendeshwa kwa siri, na mtafiti wa kesho atakayetaka kulinganisha majina ya Ihumwa na ya Mpwapwa atataka orodha anayoweza kuipekua kwa alfabeti. Hata hivyo, kupanga kialfabeti ni kukubali kwamba jina linaweza kuishi mbali na lile lililo kabla yake, na tasnifu nzima ilikuwa imeeleza kwamba mzee mwenyewe, mjuzi pekee aliyepatikana, hakuweza kufanya hivyo alipokuwa kilimani. Kubadili mpangilio kungekuwa kukanusha matokeo ndani ya kiambatisho chake chenyewe.

Mwanafunzi alijibu agizo la kwanza kwa kuongeza faharasa ya kialfabeti nyuma, yenye namba zinazomrudisha msomaji njiani. La pili hakulitekeleza. Aliandika ukurasa mmoja kueleza ahadi aliyoitoa, akaziacha namba tatu bila majina, na kwa muda wa majuma sita hakujua kama atahitimu. Alihitimu. Alama yake ilikuwa chini ya ile aliyoitarajia, na msimamizi wake alimwambia kwa masikitiko kwamba nafasi tupu zilichangia.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha, alirudi Ihumwa na nakala moja. Mwenzake alikuwa naye tena. Mzee hakutaka kuishika; alitaka asomewe. Alisikiliza akiwa amefumba macho na fimbo katikati ya magoti, akitikisa kichwa kwa kila jina, akirekebisha pumzi ya nazali mbili. Ilipofika mwisho alifumbua macho, akasema kwamba kuna mahali pamerukwa. Mwanafunzi akashangaa, maana alikuwa ameyahakiki majina yale mara tatu. Alisoma tena tangu mwanzo. Alipotaja la kwanza mzee alimzuia.

"Kabla ya hapo."

Kabla ya hapo hapakuwa na kitu ila njia ya ng'ombe na jiwe ambalo mzee alikuwa ameketi siku ile. Mwanafunzi aliuliza kama jiwe lile lina jina. "Zamani halikuwa nalo," mzee alijibu, na kwa Kigogo akalitaja jina ambalo watoto wanaochunga mbuzi pale walikuwa wamekwisha kulizoea. Binti aliinama akicheka, akakataa kulifasiri hadi alipobembelezwa. Lilikuwa kishazi, kama mengine. Maana yake, kwa makadirio, ni pale mgeni alipomtangulia mwenyeji.

Tasnifu ilikuwa imekwisha kujalidiwa na nakala zake kukabidhiwa. Katika ile moja aliyokuwa nayo mkononi mwanafunzi aliandika jina hilo kwa kalamu, juu ya namba 1, pamoja na h zake.